Tusiende kwa gari hadi mlangoni: makanisa na vijia vya Vall de Boí

Haya, shikamooni wazee, mambo vijana, na karibuni sana mliokuja leo kwa mara ya kwanza. Mliokaa kule nyuma karibu na chupa za chai sogeeni mbele kidogo jamani, sauti yangu leo imekauka na sitaki kupayuka. Mwenyekiti kanipa dakika ishirini niongelee safari ya jumuiya yetu ya Jumamosi ijayo, kaniambia eleza tu tunaenda wapi na tubebe nini basi ukae chini, sasa mnanijua mimi, nikianza habari ya bonde lile dakika ishirini zinaisha sijafika hata kijiji cha kwanza, kwahiyo mnivumilie.

Nianze na swali nililoulizwa pale mlangoni na watu kama wanne hivi. Kwani hapa Barcelona makanisa hamna? Si kuna Sagrada Família, metro inakushusha pale pale, ya nini kuamka alfajiri kwenda kuangalia vikanisa vya mawe huko porini? Swali zuri. Hata mimi kabla sijaenda nilikuwa hivyo hivyo.

Tunakoenda kunaitwa Vall de Boí, ni bonde huko juu kwenye milima ya Pirenei, mkoa wa Lleida, pembeni kabisa karibu na mpaka wa Aragon, kwa basi hesabuni masaa manne na kusimama kidogo njiani. Bonde zima lina watu elfu moja hivi, yaani harusi moja ya kwetu ukialika bila kuchuja unawapita. Vijiji vyake ni Cóll, Cardet, Barruera, Durro, Erill la Vall, Boí na Taüll, vingine nyumba zake unazihesabu ukiwa umekaa kwenye benchi. Na ndani ya vijiji hivyo kuna makanisa manane pamoja na kikanisa kimoja cha mlimani, jumla tisa, ya karne ya 11 na ya 12, na mwaka 2000 UNESCO waliyaingiza yote tisa kwa mkupuo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia.

Sasa nawasimulia kosa langu. Mara ya kwanza nilienda na gari la kukodi, mimi na mke wangu na shemeji, tukajiambia sisi wajanja, tutayamaliza yote siku moja. Tukawa tunafika kijijini, tunapaki, tunaingia, picha mbili tatu, tunatoka, gari, kijiji kingine. Mchana mmoja makanisa matano! Jioni hotelini mke wangu anafungua simu anauliza hili ni lipi, nikasema Durro, shemeji anasema hapana hilo ni Erill, tukabishana mpaka chakula kikapoa. Hakuna hata mmoja aliyejua. Yote mnara, yote mawe, yote paa jeusi. Tumetumia hela ya petroli na tiketi na kichwani hamna kitu.

Mara ya pili nilienda peke yangu, tena bila gari, jamaa alinishusha Boí akaendelea na safari zake za kwenda Vielha. Nikapanda Taüll kwa miguu kwa ile njia ya zamani ya mawe, si mbali, chini ya saa moja kwa mtu anayetembea kawaida, ila inapanda kweli maana Taüll iko kama mita 1,500 juu ya bahari. Unatembea hivi, kuta za mawe zimepangwa bila udongo huku na huku, ng'ombe wana kengele shingoni, huoni kijiji. Halafu unakunja kona, kincha cha mnara hicho. Unatembea tena, kinapotea. Kona nyingine, mnara umekuwa nusu. Unapofika chini yake umeshauangalia nusu saa nzima, umeshazoeana nao. Pale ndo nikaelewa kwamba haya makanisa yalijengwa yaonwe na mtu anayekuja kwa miguu, akiwa amechoka, anatoka chini au anatoka shambani kukata nyasi za ng'ombe. Mnara unamwambia umebakiza kiasi gani. Na kutoka mnara mmoja wanaona mwingine ng'ambo ya bonde, Erill la Vall na Boí zinatazamana kabisa, mto uko katikati, kengele ikigongwa huku wa kule anasikia. Sasa ukifika kwa gari na kupaki mlangoni umeruka sehemu nzuri yote, ni kama mtu kafika kwenye ngoma wakati watu wanakunja mikeka.

Ndo maana nimemwomba mwenyekiti basi litushushe Boí, Taüll tutapanda wenyewe. Naona mama zangu wawili hapo mmeshaanza kuangaliana. Msiogope, kuna barabara ya lami pia, wenye magoti tutawapangia usafiri.

Haya. Watu elfu moja, makanisa tisa, hela ilitoka wapi? Hapa lazima niseme kweli hata kama hapa ndani tuna wenzetu Waislamu, tena ndo hasa niseme. Wakati ule kusini yake huko Zaragoza, Barbastro, Lleida ilikuwa nchi ya Waislamu, na wafalme wa Kikristo wa kaskazini walikuwa wanashuka kupigana. Mabwana wa Erill, hao ndo waliokuwa wakubwa wa bonde hili, walikwenda vitani pamoja na Alfonso wa Kwanza mfalme wa Aragon, huyo aliyeichukua Zaragoza mwaka 1118. Wakarudi na mali. Miaka mitano baadaye, tarehe 10 Desemba 1123, askofu Ramon wa Roda na Barbastro anabariki kanisa la Sant Climent hapo Taüll, na kesho yake tarehe 11 anabariki la Santa Maria kwenye kijiji hicho hicho, hatua chache tu kutoka la kwanza. Tarehe tunazijua maana ile ya Sant Climent iliandikwa kwa rangi kwenye nguzo ya kanisa. Kwahiyo mnapoangalia uzuri ule mjue ndani yake kuna ngawira za vita, sisemi ili mtu akasirike, nasema tu mawe hayo yana historia ndefu kuliko bango la watalii.

Mi kinachonishangaza zaidi ni Desemba. Jamani Desemba, mita 1,500, Pirenei! Theluji hapo inaweza kufika kiunoni, barabara hamna, askofu mtu mzima kaja na vijia hivi hivi tutakavyopita sisi na raba zetu.

Waliojenga walifuata ufundi wa Lombardia, kaskazini ya Italia, mafundi walikuwa wanazunguka na ujuzi wao kama mafundi wetu wa milango ya kuchonga walivyokuwa wanazunguka mwambao. Ukishaujua huo mtindo hutausahau: mawe madogo madogo yamechongwa yakapangwa kwa safu, kuta nene, madirisha machache ya matao, na juu chini ya paa kuna mkanda wa vitao vidogo vilivyoshikana kama ushonaji wa pindo la kanzu. Sant Climent ina mnara wa ghorofa sita, mwembamba, umesimama pembeni ya kanisa. Ndani kuna njia tatu zimegawanywa na nguzo za duara, na paa ni la mbao limeezekwa mawe bapa meusi. Si kubwa. Mtu aliyezoea makanisa makubwa ataingia ataona mbona limeisha.

Na kwanini yamebaki hivyo wakati sehemu nyingine za Uhispania makanisa ya umri huo yalibomolewa yakajengwa makubwa zaidi, mengine ya mtindo wa Gothiki, mengine yakawekewa madhahabu? Umaskini. Vita ilisogea kusini, hela ikasogea nayo, bonde likabaki kwenye kona yake na ng'ombe na kondoo na baridi. Hawakuwa na uwezo wa kubomoa na kujenga upya. Waliongeza vitu viwili vitatu, altare ya mbao ya kuchonga hapa, kibaraza pale, basi. Wenye hela kule chini waliharibu ya kwao, hawa wasio nacho ya kwao yamesimama, na leo watu wanalipa kuyaona.

Sasa picha. Hapa mwenyekiti usiangalie saa.

Ndani ya Sant Climent, kwenye ule ukuta wa duara nyuma ya altare, walichora Kristo amekaa katikati, mkono wa kuume juu anabariki, wa kushoto ameshika kitabu kimefunguliwa kimeandikwa kwa Kilatini EGO SUM LUX MUNDI, mimi ni nuru ya ulimwengu. Macho yale! Hayakuchekei wala hayakutishi, yanakuangalia tu. Rangi ya buluu imetokana na jiwe la huko huko Pirenei linaitwa aerinita. Kuna Bikira Maria ameshika bakuli linalotoa mwanga mwekundu, kuna mwanakondoo mwenye macho saba kama ilivyo kwenye Ufunuo, na pembeni kwenye tao kuna kitu mimi nakipenda kuliko vyote, ni Lazaro yule maskini wa kwenye Injili kakaa chini mlangoni na mbwa anamlamba vidonda. Aliyechora hatumjui jina, wanamwita tu Fundi wa Taüll. Na picha hizo zilikaa miaka na miaka nyuma ya altare ya mbao iliyowekwa baadaye, watu wanasali mbele yake na nyingi hawazioni.

Mwaka 1907 taasisi ya utafiti ya Catalonia ilituma msafara, akiwemo msanifu Puig i Cadafalch, wakapanda na nyumbu kijiji kwa kijiji wakipiga picha na kuchora ramani za makanisa. Wakatoa kitabu cha picha hizo. Nzuri, ila kitabu kikifika mjini wafanyabiashara nao wanasoma. Kuna kanisa linaitwa Santa Maria de Mur, hilo haliko bonde hili ila ni mkoa huo huo, mchoro wake wote wa nyuma ya altare ulinunuliwa ukang'olewa ukauzwa, sa hivi uko Boston, Marekani, kwenye makumbusho. Mzima mzima! Watu wa Barcelona walipogundua na picha za vijiji vingine zimeanza kununuliwa wakashtuka, bodi ya makumbusho chini ya Joaquim Folch i Torres ikasema bora tuzinunue tuzihamishe sisi. Basi kati ya mwaka 1919 na 1923 wakazing'oa zote za maana, kwa kutumia mafundi wale wale wa Kitaliano waliokuwa wanawang'olea wafanyabiashara.

Mnajua walivyofanya? Inaitwa strapo. Wanachukua kitambaa wanakipaka gundi inayotengenezwa kwa ngozi na mifupa ya wanyama, wanakibandika juu ya picha, wanasubiri kikauke kikauke kabisa. Gundi ikikauka inajivuta, kisha wanakivuta kile kitambaa taratibu na rangi inabanduka na kitambaa, ukuta unabaki mtupu. Wanakunja kama mkeka, wanapakia mgongoni mwa nyumbu, inashuka bondeni. Mjini wanaibandika kwenye kitambaa kingine kwa nyuma, wanaosha kile cha mbele kwa maji ya moto, Kristo anatokea tena. Kwahiyo Kristo wa Taüll ameshuka mlima ule amekunjwa, na kwa vijia hivi hivi.

Na leo yuko wapi? Yuko hapo Montjuïc, kilima cha hapa hapa Barcelona! Kwenye lile jumba kubwa la makumbusho ya taifa ya sanaa ya Catalonia, kwenye ngazi zile mnazopigia picha za harusi, wengine hapa mmeishi mji huu miaka kumi na tano hamjaingia hata siku moja. Jumamosi kuanzia saa tisa mchana kuingia ni bure, msiniambie hela.

Hapo ndo mtu atasema basi si tuishie Montjuïc? Mimi nimekwenda mara nyingi, nakaa mbele yake hata saa nzima. Kile chumba wamekijenga kifanane na kanisa, taa nzuri, utulivu. Lakini Lazaro na mbwa wake walichorwa kwa ajili ya watu waliokuja na matope miguuni, waliomfahamu maskini wa kijiji chao kwa jina, wengine huenda wao wenyewe ndo maskini. Montjuïc unamwona Lazaro, Taüll unaona aliyekuwa anamwangalia Lazaro. Kuhusu kung'olewa mi sijawahi kuamua moja kwa moja. Wasingefanya, huenda leo Kristo yule yuko Boston na mwenzake. Wamefanya, kijiji kikabaki na ukuta. Siku nyingine naamka nawatetea, siku nyingine nawalaani, inategemea niko mlimani au niko mjini.

Kijiji kiliwekewa nakala ya rangi kwenye ukuta, ikakaa miaka mingi, mwaka 2013 wakaitoa, na walipoitoa na kusafisha wakaona kuna vipande vya asili vilibaki, pamoja na Kaini anamuua Abeli. Badala ya kuchora tena wakafunga projekta. Mnakaa kwenye mabenchi, giza, halafu mwanga unaanza kuchora mstari kwa mstari, sura, mikono, rangi inajaa mpaka ukuta mzima unakuwa kama ulivyokuwa mwaka 1123, halafu inazima mnabaki na mawe. Mi mambo ya teknolojia kanisani huwa siyapendi, hii niliipenda. Naomba watoto wakae mbele na simu zizimwe, si mtu anapokea video kolo ya Dodoma katikati ya giza, mwaka jana mnakumbuka kule tulikokwenda, sitaji mtu.

Erill la Vall nako msiache kuangalia sanamu za mbao za Yesu anashushwa msalabani, watu saba: Yesu, mama yake, Yohana, Yosefu wa Arimathaya, Nikodemo na wale wezi wawili. Zilizopo kanisani ni nakala. Za asili zimegawanywa, Maria na Yohana wako Montjuïc, wengine watano wako makumbusho ya askofu mji wa Vic. Mama kazuiwa kuona maiti ya mwanae, anamwangalia kutoka mji mwingine. Hili linaniuma mpaka leo, na siyo jambo gumu, ni kupakia tu kwenye gari wakutanishwe hata wiki moja.

Durro kuna la Nativitat, kubwa kuliko unavyotegemea kwa kijiji kile, na juu yake huko mlimani peke yake kiko kikanisa cha Sant Quirc. Boí kwenyewe Sant Joan lilikuwa na picha za kuchekesha, wachezaji wa mazingaombwe, wanyama wa ajabu hadi ngamia, pamoja na Stefano anapigwa mawe, nakala ziko ukutani. Barruera, Cardet, Cóll tutayapita kwa basi tukipata muda.

Sasa vijia. Kuna mtu kaniuliza kama hii ni Camino de Santiago, ile njia ya mahujaji wa kwenda Santiago, hapana, ile ni nyingine na mishale yake ya njano, ambayo kwa taarifa yenu mishale ile ilianzishwa na padri wa parokia ya kijiji kidogo cha O Cebreiro huko Galicia, Elías Valiña, miaka ya 1980, alizunguka na kopo la rangi ya njano akichora kwenye mawe na miti ili mahujaji wasipotee. Padri mmoja na kopo! Leo malaki ya watu wanafuata brashi yake kila mwaka.

Huku kwetu alama ni mistari miwili ya rangi. Nyeupe na nyekundu ni njia ndefu, za siku nyingi, kama ile GR 11 inayovuka Pirenei yote kutoka bahari hadi bahari. Nyeupe na njano ni njia fupi ya siku moja au chini yake. Nyeupe na kijani ni vile vijia vidogo vya kuzunguka kijiji. Mistari ikikaa sambamba endelea, ikipindishwa kama kona kunja, na ukiona imekatizana kama herufi X rudi ulikotoka, siyo hapo. Hili la X nalijua vizuri sana. Nikitoka Durro kwenda Boí niliona X kwenye jiwe, nikajiambia mi mtoto wa Kilema, nimezaliwa mlimani, nitafundishwa mlima na Mzungu mwenye rangi? Nikapita. Nikatembea saa nzima nikatokea kwenye zizi, ng'ombe wananiangalia na mimi nawaangalia, mvua hiyo inaanza. Nikarudi njia nzima nimenyamaza.

Vijia hivi havikutengenezwa kwa ajili ya watalii. Ni njia za nyumbu, za kupeleka mifugo malishoni juu kiangazi na kuirudisha kabla ya theluji, za kwenda misa, za kubeba maiti. Mwaka hadi mwaka mtu akiona jiwe limeanguka kwenye ukuta analirudisha, si kazi ya mtu ni ya yeyote anayepita. Vijana walipohamia mijini karne iliyopita vijia vingi Pirenei vilimezwa na miiba, na vijiji vingine vilihamwa kabisa mpaka paa za makanisa zikaanguka ndani. Bonde hili liliponea sehemu kwa sababu ya watalii wenyewe, wa makanisa, wa kuteleza kwenye theluji, na wa hifadhi ya taifa ya Aigüestortes iliyo hapo juu, ilianzishwa mwaka 1955 na ndo hifadhi ya taifa pekee Catalonia, maziwa karibu mia mbili. Gari binafsi haziruhusiwi kuingia, kuna teksi za foo-bai-foo zinapanda kutoka Boí.

Upande wa pili wa hifadhi hiyo kuna vilele viwili pacha vinaitwa Els Encantats, yaani waliorogwa. Wazee wa huko wanasema walikuwa wawindaji wawili, siku ya sikukuu watu wote wako misa kwenye kikanisa cha Sant Maurici, wao wakaona mbuzi wa mlimani wakaacha misa wakamfuata, wakageuzwa mawe. Wako pale mpaka leo. Nawaangalia vijana wa kwaya mliokimbia mazoezi Alhamisi.

Na ukibahatika kwenda kati ya katikati ya Juni na Julai utakuta falles, sherehe ya moto. Kila kijiji kina usiku wake. Wanapanda mpaka sehemu ya juu inayoonekana kutoka kijijini, wanawasha vijinga vya msonobari wenye utomvu, wanabeba begani vinawaka, wanashuka kwa mstari gizani mpaka uwanja wa kanisa. Ukiwa chini unaona nyoka wa moto anateremka mlima, anafuata kijia kona kwa kona, kijia usichokiona mchana usiku huo unakiona chote. UNESCO nayo imeiandika mwaka 2015 kama urithi wa Pirenei, pamoja na Andorra na Ufaransa. Safari hii hatutaiona, ila mwakani tukipanga mapema mwenyekiti, sawa?

Njiani tutasimama El Pont de Suert kwa chai na choo, angalieni kanisa lao, la miaka ya 1950, alichora injinia Eduardo Torroja, zege nyembamba imekunjwakunjwa kama maganda ya yai, lilijengwa wakati kampuni ya umeme inajenga mabwawa ya mto ule na mji umejaa wafanyakazi. Hamtaamini liko chini ya saa moja tu kabla ya Taüll. Wengine wanalicheka, mi nalipenda.

Chakula kila mtu atajitegemea, ila Taüll ulizeni girella, ni nyama ya kondoo na mchele na vitunguu saumu imeshonewa ndani ya tumbo la kondoo ikachemshwa, wanaikata vipande wanaikaanga. Wakenya hapo mnatabasamu, ndiyo, ni ndugu yake mutura, tena inaliwa na mkate uliopakwa nyanya.

Vitu vya kubeba: viatu vyenye meno chini, siyo raba za kanisani, zile nyeupe mtalia. Koti hata kama Barcelona kuna joto, huko jua likizama baridi inashuka kama pazia. Maji. Kanisani kofia tunavua na sauti tunashusha, Santa Maria ya Taüll bado ni kanisa la parokia la kijiji, watu wanasali. Kwenye malisho geti ukilikuta limefungwa ukipita unalifunga, ukilikuta wazi unaliacha wazi, ng'ombe si wetu. Na wale wa kuimba, nimeomba ruhusa tuimbe wimbo mmoja ndani ya Sant Climent, tumekubaliwa mmoja tu, nyuzi mbili za sauti na bila ngoma, kwahiyo kwaya amueni ni upi kabla ya Ijumaa, msigombane kwenye basi.

Basi linaondoka saa kumi na moja alfajiri, siyo saa kumi na moja ya kwetu, kumi na moja ya dereva. Anayetaka kukaa dirishani upande wa mto akae kulia wakati wa kupanda. Mama wa maandazi, wewe ukichelewa tutakusubiri.